Mgongo wa Mpiga Obokano

Programu za mazishi zililetwa asubuhi ya Ijumaa ndani ya gunia la kubebea majani chai, zikinuka wino na vumbi. Nilichomoa moja nikaenda kusimama nyuma ya jiko la mama. Karatasi yoyote iliyopita mikononi mwa ndugu zangu huwa siisomi mbele za watu. Picha ya baba ilikuwa sawa. Jina la mama lilikuwa sawa. Wajukuu walikuwemo wote, hata yule aliyezaliwa wiki tatu kabla. Nikafika kwenye historia ya marehemu, ambayo niliiandika mwenyewe kwa siku mbili nikaituma kwa simu, na hapo hasira ikanipanda. Aya ya nne haikuwepo.

Aya hiyo ndiyo iliyosema kwamba baba yangu alikuwa mpiga obokano. Kwa asiyeijua, obokano ni ala yetu sisi Wagusii. Ni bakuli la mti, pana kama beseni la kufulia, limewambwa ngozi ya ng'ombe, lina mikono miwili ya mti na nyuzi nane. Mlio wake ni mzito. Ukikaa karibu unausikia tumboni kabla haujafika masikioni. Baba aliipiga tangu hajaoa mpaka vidole vilipokataa. Aliipiga harusini, matangani, kwenye maonyesho ya kilimo, na kwenye mikutano ya wanasiasa waliomwahidi mabati ambayo mpaka leo hayajafika. Hakuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Ukitoka Nyaramba mpaka Ikonge, watu wa makamo walimjua kwa mwendo tu. Ukivuka hapo, hakuna aliyemjua.

Mwanamuziki mkubwa akifa, redio hupiga nyimbo zake wiki nzima na wakubwa hushindana kutuma rambirambi. Baba yangu alipokufa, redio ilimsoma kwenye matangazo ya vifo katikati ya chifu mstaafu na mama wa mtu aliye ng'ambo, ikasema ni mkulima. Niliposikia hivyo nilidhani ni uzembe wa redio. Sasa nilikuwa nimeshika karatasi inayosema vilevile: "Marehemu alikuwa mkulima hodari wa majani chai na ndizi." Hodari! Chai yetu ilichumwa na mama na kaka yangu. Baba akiingia shambani alirudi na nusu kikapu na malalamiko ya mgongo.

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi katika shule ya upili mjini Kisii, na kusahihisha mitihani kumeniharibu. Nikiona majibu mawili yanafanana, sijiulizi kama kuna aliyeiga. Ninajiuliza nani kamwiga nani. Redio imesema mkulima, programu imesema mkulima. Basi kulikuwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa hapo hapo bomani ukinywa chai yetu na kula mikate yetu. Nilitaka kitu kimoja tu siku hiyo. Nilitaka baba yangu asiingie kaburini na kazi ya mtu mwingine.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa kaka yangu. Ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye anayelisha ng'ombe, na ndiye aliyepeleka historia kuchapwa. Tangu nifike Jumatatu alikuwa hanitazami machoni. Nikiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Halafu kulikuwa na jambo la msumari. Sebuleni kwa baba, juu ya kiti chake, kuna msumari mkubwa ambao obokano ilining'inizwa miaka yote. Nilipoingia siku ile ya Jumatatu msumari ulikuwepo, obokano haikuwepo, na ukutani palibaki duara jeupe ambapo moshi wa taa haukuwahi kufika. Nilimuuliza iko wapi.

"Iko tu," akasema.

"Iko tu wapi?"

"Mwalimu, watu wanataka maji ya kunawa mikono. Wacha tumalize hii kwanza."

Nilijua hoteli zinazonunua vitu kama hivyo zikavitundika ukutani ili wageni wapige picha. Nikajisemea, kaka yangu ameuza ala ya baba, na sasa anafuta hata maneno ili mtu asiulize.

Wa pili alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu ni la Sabato, na enzi za ujana wa baba lilimfuta kwenye ushirika kwa sababu alipiga obokano kwenye harusi zenye pombe. Akiwa mzee alibatizwa tena mtoni, akapewa kiti cha nyuma, akakaa kimya kama mgeni. Mzee huyu wa kanisa ana saa ya mkononi ambayo huitazama hata akiwa anaomba. Jumatano alikaa na kaka yangu kando ya zizi kwa muda mrefu, na nilipowapelekea uji walinyamaza wote wawili. Watu wawili hawanyamazi hivyo kwa ajili ya uji.

Na wa tatu alifika mwendo wa saa tatu, kabla hata mahema hayajafungwa sawasawa. Alikuwa mrefu, koti jeusi, mikono imejaa alama ndogo ndogo za moto. Alisimama chini ya mgomba akitazama nyumba ya baba, akatazama paa, akatazama mlango, mimi nikamtazama yeye. Mtu anayekuja kuomboleza hutazama jeneza. Huyu alikuwa anatazama nyumba kama anayetaka kuinunua.

Nikamwendea. Alipofungua mdomo nikajua ametoka pande za ziwani.

"Pole sana, madam. Wewe ndio ile mwalimu?"

"Mwalimu gani?" Sipendi kujibu swali kabla sijajua linakotoka.

"Ya mzee. Mzee alikuwa anasema tu, mwalimu yangu, mwalimu yangu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nachomelea mageti hapo Kisii, ukienda hivi upande ya Nyakoe. Mzee alikuwa rafiki yangu."

Rafiki! Ninaishi Kisii. Baba alikuja kwangu kila mwezi kwa ajili ya kliniki ya sukari, akalala kwangu, akala kwangu, na hakuwahi kutaja fundi wa mageti. Lakini hapo nikakumbuka kitu kingine. Siku za kliniki baba alitoka nyumbani saa mbili asubuhi, na dawa alizipata kabla ya saa sita, ila kwangu alirudi jua likishuka. Nilimuuliza alikuwa wapi, akasema foleni. Foleni gani hiyo ya kila mwezi? Nikiri tu: nilidhani baba yangu ana mwanamke mjini. Siku moja alipokuwa anaoga nilipekua koti lake. Nilikuta kadi ya kliniki, peremende mbili, na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki uliozungushwa kwenye kijiti. Baba hajawahi kuvua hata kambale. Nikaurudisha uzi mahali pake, na tangu siku hiyo nikawa namtilia shaka maradufu.

"Na leo, madam," yule fundi akaendelea, "mnafanya namna gani mambo ya obokano?"

Ndiyo hiyo, nikasema moyoni. Hata pole haijapoa mdomoni, ameshaulizia mali.

"Hayo yanakuhusu nini?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Unauliza tu, halafu?"

"Halafu nangoja," akasema, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Nilimwita binamu yangu aliyekuwa akisimamia lango nikamwambia kwa Kigusii, kwa sauti ya kutosha, kwamba mgeni huyu hayumo kwenye programu na apelekwe akangoje barabarani, kule kwenye banda la kupimia majani chai. Kwetu mtu asiyekuwemo kwenye programu hana kauli, hata awe amekuja na shada la maua la bei gani. Fundi aliitika kwa kichwa akaenda. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Nilijisikia kama askari aliyefunga mlango kwa wakati.

Lazima niseme habari inayonihusu mimi, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Nilipoitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana, nilipewa fomu ya kujaza. Kulikuwa na mstari umeandikwa: Kazi ya mzazi. Nilijaza nyumbani, mezani, kwa kalamu nyeusi. Nilijua kwamba huko ninakoenda kutakuwa na watoto wa walimu, wa makarani, wa madaktari. Nikaandika mkulima. Kisha nikampelekea baba atie sahihi. Alikuwa anajua kusoma. Aliisoma fomu yote kuanzia juu, polepole, kidole kikifuata mistari. Pale kwenye kazi kidole kilisimama kidogo. Halafu akatia sahihi, akanirudishia kalamu, akasema mwandiko wangu ni mzuri. Basi. Wala hatukuzungumza tena jambo hilo.

Nikiwa kidato cha pili, ikaja siku ya wazazi. Shule ilikuwa imealika watu wa kutumbuiza, na hakuna aliyeniambia ni akina nani. Tumekaa nyasini na sketi zetu za kijivu, naona baba yangu anaingia na obokano begani na kigoda mkononi. Msichana aliyekaa kando yangu alikuwa binti wa karani, na alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba nina sura ya mtu anayemjua. Nilijua mpiga obokano hukaa akiwaelekea watu, awatazame, awataje kwa majina, awasifu baba zao na ng'ombe wa baba zao. Ndiyo kazi yenyewe. Nikainamisha kichwa nikingoja jina langu litajwe mbele ya shule nzima.

Baba aliweka kigoda karibu na mlingoti wa bendera, akakigeuza, akatupa mgongo. Aliketi akiutazama ua wa michongoma, akapiga nyimbo tatu kwa michongoma. Wasichana walicheka. Mwalimu wa zamu alienda kumwambia ageuke, baba akajifanya hasikii. "Huyu mzee amelewa," akasema binti wa karani, na mimi nikacheka pamoja naye, tena kwa sauti. Alipomaliza aliondoka bila hata kunitafuta. Na mimi, kwa akili yangu ya siku zote, niliamini kweli alikuwa amelewa, au alikuwa na kinyongo na fomu ile akataka kuniaibisha kwa namna yake. Nilikaa na neno hilo moyoni miaka zaidi ya thelathini, na kila mara aliponichekea nilikuwa natafuta kinyongo kilichojificha nyuma ya meno yake.

Basi nikashika programu yangu nikamtafuta kaka. Nilimkuta anafunga kamba ya hema. Nilimwekea karatasi usoni.

"Aya ya nne iko wapi?"

"Mwalimu, si sasa."

"Ni sasa. Nani kaitoa? Ni yule mzee wa kanisa? Amekuambia msipoitoa hamwombewi?"

"Mzee wa kanisa hakugusa hata neno moja." Akaiacha kamba. "Ni Tata."

Tata ndivyo tunavyomwita baba. Nilicheka, si kwa furaha. Kumsingizia marehemu ni rahisi kuliko wote, hawezi kuitwa shahidi.

"Tata alikufa kabla sijaandika."

"Aliniambia mapema, akiwa hospitalini. Alisema, siku ikifika redioni someni mkulima, na kwa karatasi andikeni mkulima. Kwa sababu mwalimu ndiye aliandika hivyo kwanza, na walimu wenzake watakuja, na mkubwa wa shule atakuja. Akasema tusikuvunjie heshima mbele ya watu wako."

"Na obokano? Hiyo nayo aliiuza nani?"

"Haikuuzwa. Alimpa yule fundi wa mageti aiondoe ukutani, ili walimu wakiingia ndani kunywa chai wasiione. Nilikuwa nazungumza na mzee wa kanisa siku ile kwa sababu sikujua nikuambie au ninyamaze." Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Ni yule uliyemfukuza."

Sikumwamini. Nasema ukweli: hata hapo sikumwamini. Nikaenda ndani kwa mama, ambaye alikuwa ameketi kwenye godoro sakafuni na wanawake wa kanisa, khanga mabegani. Mama hajui kudanganya. Akidanganya huwa anapiga chafya. Niliinama sikioni nikamuuliza kama Tata aliwahi kusema habari ya fomu ya shule.

"Ile ya kidato cha kwanza?" akasema mama, kama tunazungumzia jana. "Jioni ile alikuja jikoni akaniambia, leo nimeajiriwa, nimekuwa mkulima. Tukacheka sana. Halafu akatoka nje akakaa na ng'ombe mpaka chakula kikapoa." Sikusikia chafya.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikapita katikati ya mistari ya chai, viatu vyangu vya mazishi vikizama kwenye udongo, nguo nyeusi ikishikwa na matawi. Nililia njiani na sikutafuta kitambaa. Nilikuwa nimemshuku kaka yangu, mzee wa kanisa, mgeni, hata marehemu mwenyewe. Mtu mmoja tu sikuwa nimemshuku, na huyo ndiye aliyekuwa na kalamu nyeusi.

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la kupimia majani, mikono magotini. Nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa blanketi la rangi ya maziwa. Nililijua lile blanketi. Lilikuwa langu, nililitafuta nyumbani kwangu mwaka mzima nikimlaumu msichana wa kazi.

"Umekuja, mwalimu," akasema, akasimama.

"Baba alikuambia nini?"

"Alisema nilete mpaka hapa barabarani, nisiingize. Nisiseme iko na mimi. Mwalimu akiuliza yeye mwenyewe, nipige. Asipouliza, narudi nayo Kisii polepole."

"Na wewe unaweza kupiga? Wewe si mtu wa nyatiti, ala ya kwenu ziwani?"

"Nyatiti ilikuwa ya babu yangu, nilijua kidogo. Hii nimefundishwa na mzee. Kila akitoka kliniki alikuwa anakuja kwa karakana, anakaa kwa ndoo, ananifundisha. Alisema vijana ya huku wamekataa. Mimi nilikubali." Akafunua blanketi. Ngozi ilikuwa mpya. Nyuzi zote nane zilikuwa za nailoni ya kuvulia samaki, zilezile za mfukoni. "Nyuzi alikuwa anapenda ya kwetu, ya ziwa. Inakaa."

Nilimtazama sana nione kama kuna mahali anaponidanganya. Ndivyo nilivyo. Sikuona.

"Basi nimeuliza," nikasema. "Twende."

Bado kulikuwa na mzee wa kanisa. Nilimkuta mezani na programu yake, ameipigia mistari kwa kalamu, saa mbele yake. Nilimweleza kwa kifupi. Akatazama saa.

"Leo ni Ijumaa. Watu wanatakiwa wawe makwao mapema wajiandae kwa Sabato. Na hiyo kitu haiko kwa programu."

"Nimeona, mzee. Hata mimi nimeona haiko."

Akachungulia mahema kama anayehesabu waumini wake. "Harusi yangu ni yeye alipiga," akasema chini kwa chini. "Siku hizo kanisa lilikuwa halijanipata bado. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika." Akarudisha uso wake wa kawaida. "Wimbo mmoja, baada ya historia. Mimi wakati huo nitakuwa nimeenda kuangalia kama kaburi liko sawa."

Zamu yangu ilipofika nilisimama na kipaza sauti. Hema la kushoto lilikuwa la shule yangu: mwalimu mkuu mbele, walimu wenzangu nyuma yake, na bango lenye jina la shule limefungwa kwenye nguzo. Nilisoma alikozaliwa, wazazi wake, ndoa yake, watoto wake. Nikafika kwenye mstari ule. "Marehemu alikuwa mkulima hodari," nikasoma, kisha nikaishusha karatasi.

"Hapa pana kosa," nikasema. "Si kosa la mchapaji. Niliandika mimi, nikiwa msichana wa kidato cha kwanza, kwa sababu nilimwonea baba yangu haya. Baba yangu hakuwa mkulima. Alikuwa mpiga obokano."

Kisha bibi mmoja kizee kutoka upande wa migomba akasema kwa nguvu, "Hilo tunajua, endelea!" Watu wakacheka, na mimi pia, huku pua ikitiririka mbele ya mwalimu mkuu. Mzee wa kanisa akainuka, akachukua saa yake, akaenda kaburini.

Fundi akaja na obokano begani na kigoda mkononi. Watu wakanyoosha shingo. Alisimama katikati, akatazama mahema moja moja, akalisoma lile bango la shule. Kisha akaweka kigoda chini, akakigeuza kielekee migomba, akaketi, akatupa sisi sote mgongo. Akaanza kupiga.

Minong'ono ikaanza. Nilijua mara moja ni nini. Amekasirika, nikasema. Nimemfukuza asubuhi kama mwizi, na sasa analipiza hapa, mbele ya jeneza, ili watu waone. Hata saa hiyo, machozi hayajakauka, nilikuwa tayari nimempata mwenye hatia. Niliweka kipaza sauti mezani nikamwendea, nikachuchumaa kando yake.

"Bwana, mbona unatupa mgongo? Kama ni ile ya asubuhi, nisamehe. Lakini usimfanyie baba hivi."

Akanitazama kwa mshangao, vidole havikusimama.

"Ile ya asubuhi? Hapana, mwalimu. Si ndio desturi yenu?"

"Desturi gani?"

"Mzee alinifundisha. Kama kuna watu ya shule, mpiga obokano anawapa mgongo, anapiga akiangalia upande ingine. Kila mahali tulienda alikuwa anafanya hivyo. Harusi ya mwalimu, sherehe ya shule, anauliza kwanza, kuna walimu? Wakisema wako, anageuka. Si ni mila ya Kisii?"

Kila mahali. Miaka yote hiyo, hata mahali ambapo mimi sikuwepo, hata mbele ya walimu ambao hawakunijua wala hawangenijua kamwe, baba yangu alikuwa anauliza kwanza kama wapo, ili asije akaonwa na mtu atakayenitazama mimi akasema tunafanana. Niliona ua wa michongoma, na shingo yake, na kola ya shati iliyochakaa. Nilisikia kicheko changu cha siku ile. Niliumia, na hakukuwa na mtu mwingine wa kubebeshwa lawama hata nikizunguka mahema yote.

"Inuka kidogo," nikamwambia.

Akainuka ameikumbatia obokano. Nikakishika kigoda kwa mikono miwili. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba mwanamke hagusi kigoda cha mpiga obokano. Labda ni kweli, labda aliitunga palepale. Nikakigeuza kigoda mpaka kikaelekea hema la shule, mwalimu mkuu na wenzangu wote, nikakikandamiza kwenye nyasi kisitikisike.

"Sasa kaa," nikasema. "Anza tena mwanzo."